Mpini wa tezo ya Babu

Nliuona mpini wa tezo ya Babu, ile zana ya kuchongea mbao za mashua, ukiungua, na nikanywa chai iliyochemkia moto wake.

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya mwezi wa saba mwaka 2020, kaunti ya Mombasa ishafunguliwa baada ya kufungwa kwa korona, nimevuka daraja la Nyali kwa matatu yenye abiria nusu, barakoa imenibana masikio, naenda Kisauni kumwona Ami pale ufuoni anapokarabati mashua za watu. Nikamkuta amekaa kivulini, birika iko juu ya mafiga, na kwenye mafiga kuna vibanzi na vipande vya ubao na kijiti kimoja kilichopinda ambacho nlikijua kabla hata sijamwamkia. Nlikijua kwa sababu nlikipiga picha 19, kwa filamu, kwa mwanga wa dirisha moja, wakati ambapo filamu ilikuwa haipatikani na kila picha nliihesabu kama mtu anayehesabu nauli ya mwisho. Ncha yake moja ilikuwa ishakuwa mkaa.

"Ami, huo si mpini wa tezo?"

"Ndio huo. Ulikuwa na ufa. Nimetia mwengine."

Akanimiminia chai.

Sikusema kitu. Nikaishika bilauri, nikanywa, tukaongea habari za Nyanya na bei ya mbao, jioni nikarudi nyumbani kabla ya saa za kafyu. Sasa ni wiki ya tano na kile kijiti hakijanitoka kichwani, nimeandika na kufuta, nimeandika na kufuta, leo nataka nimalize.

Chini ya kitanda cha Nyanya

Hali yenyewe ya korona sina haja ya kuieleza, sote tulikuwemo. Nitasema tu kwamba mimi ni wa Mji wa Kale, Mombasa, na sisi tulifungiwa mara mbili. Tarehe 8 Aprili 2020 kaunti nzima ikafungwa, hutoki wala huingii, alafu tarehe 6 Mei, saa moja jioni, mtaa wetu peke yake ukafungwa ndani ya kaunti iliyofungwa, sisi pamoja na wenzetu wa Eastleigh kule Nairobi. Polisi wakasimama kwenye vizuizi. Ramadhani ilikuwa haijafika nusu, misikiti kimya, tarawehe tunaswalia sebuleni, Nyanya anaswali amekaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti.

Kazi yangu ni picha za harusi. Harusi zikaisha siku moja. Kamera yangu ya dijitali ilikuwa kwa fundi Nairobi tangu mwezi wa tatu, na Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili, kwa hiyo ikabaki huko. Niliyobaki nayo ni Pentax K1000 ya marehemu baba, ile ya chuma tupu, ambayo betri yake kazi yake ni kusukuma sindano ya mita ya mwanga tu, ikifa kamera yaendelea kama kawaida. Na roli tatu za filamu, Ilford HP5, kwenye friji, nyuma ya chupa za ukwaju. Roli tatu ni picha 108. Kwa harusi moja napiga 2,000.

Siku moja Nyanya akanituma nitafute mbuzi ya kukunia nazi, ile ya zamani, ile mpya imelegea ulimi. Nikainama chini ya kitanda chake na badala ya mbuzi nikagusa sanduku. La mti, zito, halina kufuli, limefungwa kwa kamba ya katani. Nikalivuta. Nlipofungua, harufu ikatoka ambayo nlikuwa sijaisikia tangu niko darasa la sita, mwaka aliofariki Babu. Sifa. Yale mafuta ya papa ya kupaka mashua. Watu wengi hawaipendi harufu ile, na mimi mwenyewe nkiwa mdogo nlikuwa nageuza uso Babu akinikumbatia, lakini siku hiyo nlikaa chini sakafuni nikakaa sana.

Nyanya akaniita mara mbili. "Mbuzi umeiona?"

Sikuiona.

Picha nzuri

Ndani mlikuwa na tezo, msumeno, randa mbili, patasi kubwa na ndogo, juba, nyundo, timazi yenye uzi uliooza, chembeu ya kugongea kalafati ya kuzibia nyufa, na vitu vingine vitatu vya mti na chuma nlivyovijua kwa sura tu. Babu alikuwa fundi wa mashua. Alianza akiwa mtoto, akashika kazi mpaka macho yakakataa.

Nlijua mara moja nataka nipige nini. Na hapa ndipo nlipoanza kukosea, japo siku zile nliona napatia kabisa.

Kuna mpiga picha mmoja Mmarekani, Walker Evans, ambaye mwaka 1955 alitoa kwenye jarida la Fortune picha za zana za kawaida, kila zana peke yake, nyuma pako wazi, hamna mkono wa mtu, hamna meza. Koleo linasimama kama mfalme. Nlipoziona mara ya kwanza, miaka ya nyuma, zilinitia wazimu, na tangu siku hiyo nikawa na hamu ya kufanya vile na mimi. Sasa nina zana, nina muda, nina mtaa uliofungwa. Nikatandika shuka jeupe juu ya meza ya Nyanya, nikatoa tezo, nikaifuta. Nikafuta na nyundo, nikafuta na patasi, mafuta yote ya zamani nikayatoa kwa kitambaa na maji ya sabuni mpaka chuma kikang'aa.

Mwanga wenyewe ulikuwa shida. Nyumba zetu mnazijua, vichochoro vyembamba, ghorofa zinaangaliana, jua linaingia chumbani kwa Nyanya saa nne asubuhi na ikifika saa tano kasoro robo lishaondoka. Dakika 45 kwa siku. Na hata hizo si mwanga mkali, ni mwanga uliogonga ukuta wa jirani kwanza ndio ukaja kwetu. Mita ya K1000 haisomi zaidi ya sekunde 1, kwa hiyo nasoma tundu la lenzi likiwa wazi kwenye 4, inaniambia nusu sekunde, alafu nahesabu mwenyewe kupanda, kila hatua tundu linabana na muda unakuwa maradufu: 5.6 ni sekunde 1, 8 ni sekunde 2, 11 ni sekunde 4. Na hapo bado, manake filamu ikiangaliwa muda mrefu kwenye mwanga mdogo yachoka, haipokei kama mwanzo, HP5 ikitaka sekunde 4 unaipa 6, ikitaka 10 unaipa kama 20. Kwa hiyo kamera juu ya vitabu vitatu, waya wa kufyatulia mkononi, nahesabu kwa sauti, na Nyanya sebuleni akisikia anadhani navuta uradi.

Picha tatu kwa siku. Siku nyingine mbili. Roli ya kwanza ilinichukua karibu wiki mbili, na sijawahi katika maisha yangu ya kazi kukiangalia kitu kimoja kwa muda mrefu hivo. Mtu akiniuliza lokdauni ilikuwaje nitamwambia ilikuwa dakika 45 kwa siku, zilizobaki ni kungoja.

Kahawa na magadi

Dawa ya kusafishia filamu sikuwa nayo. Nlikuwa na hipo kidogo, ile ya kuifanya picha isifutike, imebaki kwenye chupa tangu mwaka wa kabla, na dawa ya kwanza imeisha kabisa. Lakini nlikuwa najua kuna watu wanasafisha filamu kwa kahawa. Kitu hicho kilitoka mwaka 1995, kwenye darasa la chuo kimoja cha Rochester, Marekani, kahawa ya unga ya kuyeyuka pamoja na soda ya kufulia. Siku hizi wanaongeza na vitamini C. Vitamini C mwezi wa tano mwaka 2020! Kila mtu alikuwa anaitafuta, duka la dawa lililokuwa karibu halikuwa nayo, na sikuona sawa kuimimina kwenye filamu na watu wanaitaka. Nikaamua nifanye ile ya mwanzo, isiyo na vitamini, ambayo inachukua muda mrefu na inaacha rangi ya kahawia kwenye filamu.

Soda ya kufulia pia sikuipata. Nyanya ana magadi. Yale mawe ya kupikia maharage, yanayotoka ziwa la Magadi. Sasa magadi si soda ya kufulia kamili, ni nusu yake, nusu nyingine ni jamaa ya ile ya kuumulia keki, na haina nguvu. Lakini ukiyasaga ukayakaanga kwenye kikaango kikavu, moto wa kutosha, ile nusu dhaifu inatoa hewa na maji na inageuka kuwa soda. Nikakaanga magadi usiku, baada ya futari, Nyanya amekaa mlangoni na mtandio wake ananiangalia bila kuuliza. Nikayachuja kwa kitambaa mara mbili. Nikatia kahawa. Harufu yake ni mbaya, siwezi kuipamba, ni kama kitu kimekufa kwenye gunia.

Barafu ili maji yapoe. Nusu saa nzima ndani ya tanki, natikisa kila dakika. Alafu hipo: kwanza nikatumbukiza kipande cha filamu nilichokata mwanzoni, nikahesabu mpaka kikawa wazi kama kioo, dakika 4, kwa hiyo roli nikaipa 8. Kuosha nikatumia maji ya kisima, ya chumvi, kwa sababu maji matamu tunanunua kwa mtungi na mkokoteni ulikuwa hauji kila siku. Maji ya chumvi yanaondoa hipo haraka kuliko matamu, mabaharia walikuwa wanafanya hivo zamani, mwisho tu ndio unasuuza kwa matamu.

Saa saba usiku nikaifungua. Picha zimo.

Kahawia, chafuchafu pembeni, lakini zimo, zote 36, tezo na nyundo na patasi juu ya weupe, safi, kimya. Nikazitundika kwenye kamba ya nguo, nikakaa nazo mpaka daku. Nlilia kidogo, sioni aibu kusema.

"Hivo ni vijiti vitatu"

Nikazipiga picha kwa simu juu ya taa, nikazigeuza, nikamtumia Ami kwa WhatsApp. Ami ni ndugu mkubwa wa marehemu baba, na ndiye pekee aliyerithi ile kazi. Yeye yuko Kisauni, hajafungiwa kama sisi, lakini kwetu haingii. Kwa mguu na matatu ni mwendo wa nusu saa, na ilikuwa kama yuko Muscat.

Akanipigia asubuhi.

"Picha nimeziona. Nzuri. Sasa hii ya tano ni nini?"

"Si keekee ya kutobolea, Ami?"

"Hiyo si keekee. Hivo ni vijiti vitatu."

Nikanyamaza.

"Uzi wake uko wapi? Na chuma umekiwekea pembeni kama kijiko. Na tezo mbona inang'aa hivo, mafuta yake umeyatoa kwa nini? Hebu iangalie sasa hivi."

Nikaenda kuiangalia. Wiki mbili hivi tu tangu niifute, na hewa ya pwani mnaijua, ubapa wote ulikuwa ushaanza kutoa vidoa vyekundu. Chuma ambacho hakikupata kutu tangu nlipokuwa mtoto, mimi nimekitia kutu kwa kukipenda. Nikatafuta mafuta ya nazi nikakipaka, mikono inatetemeka, na Ami bado yuko kwenye simu anangoja.

Alafu akanifundisha. Bando ikaisha, nikanunua nyengine, ikaisha tena. Kile chuma chenye ncha ndicho keekee yenyewe, kinaingia kwenye msukano, mti wa mviringo. Juu ya msukano unakaa jivu, kifuniko unachokishika kwa kiganja ili mti uzunguke na mkono usizunguke. Na ule mti mrefu uliopinda ni uta. Uzi wa uta unauzungusha mara moja kwenye msukano, unasukuma na kuvuta kama mtu anayepiga fidla, na chuma kinakula mbao. Hivo ndivyo walivyotoboa kila tundu la kila msumari, kwa sababu mbao ngumu ukiipigilia msumari bila tundu inapasuka, na msumari wenyewe unauviringia pamba yenye mafuta ndio usivujishe. Na mitepe ya zamani ya Lamu, ile iliyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, pia ilitaka tundu, tena matundu mengi zaidi. Bila uzi hakuna chochote. Mimi nliutoa uzi, ulikuwa umekatika na mchafu, haukupendeza kwenye picha.

Nikatafuta kamba. Nikafunga. Kipande cha kiti kilichovunjika nikakikanyaga kwa mguu, nikaanza. Mara ya kwanza uzi ukateleza, mara ya pili msukano ukaruka ukanipiga kwenye goti, mara ya sijui ngapi ukashika. Ulilia. Kuna sauti fulani inatoka, kama njiwa, na Nyanya chumbani kwake alinyamaza kabisa, alikuwa anaongea na jirani dirishani akanyamaza, alafu akatokea mlangoni akasimama hapo mpaka tundu likatoka upande wa pili.

Hakusema neno. Akarudi dirishani.

Roli ya pili

Basi shuka jeupe nikalikunja. Roli ya pili nlipiga kwa namna nyengine, sakafuni, kwenye mkeka, maranda hapo hapo, uzi umefungwa, mkono wangu ndani ya picha hata kama umetikisika, na kwa sekunde 6 mkono lazima utatikisika, unabaki kama moshi.

Sijui kama ni picha bora. Kwa kweli sijui. Zile za mwanzo ndizo watu wamezipenda, wenzangu wa kazi nimewaonyesha wote wamechagua za shuka jeupe. Na bado nikiziangalia naona zile zana zimekufa na aliyeziua ni mimi, kwa hiyo sijui nimwamini nani.

Lakini mpini, mpini ulikuwa ni habari nyengine kabisa.

Mpini wa tezo ulikuwa wa mpera, mweusi kwa jasho, umepinda kidogo kuelekea kwenye chuma. Na mahali pa kushikia palikuwa na bonde. Bonde dogo la kidole gumba, limelika taratibu, laini kama ndani ya kombe. Nkiweka kidole changu hakifiki, mkono wangu ni mfupi. Nlikaa na lile bonde siku nane. Picha 19 kati ya 36. Asubuhi ya Idd, tarehe 24 Mei, hakuna swala uwanjani, hakuna watoto wa kwenda nyumba hadi nyumba, nimevaa kanzu mpya ndani ya nyumba na nikaswali na Nyanya, alafu saa nne nikaingia chumbani nikapiga lile bonde picha mbili zaidi. Nlijiambia huu ndio mkono wa Babu. Wengine wanabaki na sauti kwenye kanda, wengine wanabaki na mwandiko, mimi nina bonde la kidole.

Tarehe 7 Juni vizuizi vikaondolewa mtaani. Tarehe 9 Ami akaja na mkokoteni, akanywa maji, akamwuliza Nyanya hali yake akiwa amesimama mlangoni, hakumpa mkono, akachukua sanduku. Tezo yake imelika, alisema, na kuna mashua yamngoja. Drili ya stima anayo, msumeno wa stima anao, lakini taruma iliyopinda, zile mbavu za mashua, hakuna mashine aliyonayo ya kuichonga ila tezo.

Nlitaka kumwambia achukue vyote aniachie tezo. Sikusema. Ni zake kuliko zangu.

Alichosema Nyanya

Niliporudi siku ile ya chai nlimhadithia Nyanya. Nlidhani atahuzunika na mimi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mpini gani?"

"Wa tezo. Wa Babu."

"Ule wa mpera? Ule aliuchonga ami yako. Babu yako macho yalikuwa yashaharibika wakati huo."

Nikauliza tena, kwa sababu nlidhani nimesikia vibaya. Akanieleza kama mtu anayeeleza habari ya jana. Chuma ndicho cha zamani, Babu alikipata kwa fundi aliyemfunza. Mipini hajui imepita mingapi, mmoja ulivunjika wakiwa bado hawajaoana, mwengine uliibwa pamoja na nyundo chuma kikabaki, na huo wa mwisho Ami alikata mpera uliokuwa kwenye ua wa jamaa zake, akauchonga, akautumia yeye miaka yote ile ambayo Babu alikuwa akenda ufuoni kukaa tu na kusikiliza.

"Babu yako aliushika," akasema. "Alikuwa aushika akizungumza. Lakini kuchonga nao, kidogo."

Kwa hiyo lile bonde.

Nilikwenda chumbani nikatoa zile negativu nikaziangalia dirishani moja moja. Picha ni zile zile. Mwanga ni ule ule wa saa nne. Na kidole ambacho nlikifanyia maziko siku nane, nikakipigia picha asubuhi ya Idd kwa machozi, kuna uwezekano mkubwa ni kidole cha mtu ambaye nlikuwa naongea naye kwa simu kila siku, aliyekuwa upande wa pili wa daraja, mzima, anayengoja tufunguliwe.

Hili ndilo lililonikaa wiki zote hizi kuliko moto wenyewe. Mtu akichoma mpini alioukata mwenyewe, akautengeneza mwenyewe, ukapasuka mkononi mwake, mimi nina haki gani? Na bado, naandika hivi na kifua kinabana, nlitaka asingeuchoma. Nlitaka aniulize. Yeye hawezi kujua kuwa kuna mtu aliyekaa na kile kijiti siku nane, mimi sikumwambia, picha za mpini ndizo pekee ambazo sikumtumia, nlikuwa nazitunza kwa ajili yangu. Nlimtumia keekee, nikamtumia randa, mpini nikaubania.

Ningemtumia angeniambia ni wake. Kwa neno moja tu.

Na nimejiuliza kama nlizibania kwa sababu ndani yangu sikutaka kuulizwa. Sina jibu la hilo. Wakati ule kila mtu alikuwa anahesabu waliokufa kwenye taarifa ya habari ya alasiri, na mimi nlikuwa nimefungiwa na sanduku la marehemu, labda kila kitu nlichokigusa nlikuwa nakiona cha marehemu. Baba pia ni marehemu na kamera ilikuwa yake. Nlikuwa sijaona walio hai kwa muda.

Simu ya Jumanne

Wiki iliyopita, Jumanne, Ami akapiga. Sauti imechoka.

"Mpini mpya waniuma kifundo. Nimeuchonga mara mbili. Haukai."

"Pole, Ami."

"Nyanyako aniambia una picha za ule wa kale."

Nikamtumia zote 19. Sikuchagua. Akanyamaza muda, nikidhani bando imekatika, kumbe aziangalia. Alafu akasema hizi zote umepiga kwa mbele, au kwa juu, au kwa karibu mno, mimi nataka ubavuni, nataka nione ulipinda wapi. Kweli. Zote nlifuata bonde. Hakuna hata moja inayoonyesha mpini wote ubavu kwa ubavu, kwa sababu ubavuni hauna uzuri wowote, ni kijiti.

Nikakumbuka roli ya kwanza. Kwenye shuka jeupe. Picha ya 31, niliyoipigia alama ya mkasi kwenye daftari kwa sababu mwanga ulikuwa bapa, hamna kivuli, tezo imelazwa ubavu kama kitu cha kuuzwa dukani. Nikaitafuta, nikaiskani vizuri, nikamtumia.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo."

Nikamwambia Ami picha haina kipimo, sikuweka rula. Akasema chuma kilichomo kwenye picha si anacho mkononi? Akachukua uzi, akapima chuma kwenye kioo cha simu, akapima mpini kwenye kioo, akahesabu chuma kinaingia mara ngapi, alafu akapima chuma chenyewe. Nlikuwa namsikia anahesabu chini chini. Mpindo unaanzia mbele zaidi ya alipouweka yeye, upana wa vidole viwili hivi. Mkono ulikuwa unajua kuna kitu si sawa, akaniambia, lakini haukuweza kumwambia ni wapi.

Jana amenitumia picha ya simu, imetikisika, kipande cha mpera kipya, bado kina ganda upande mmoja, na tezo iko pembeni yake imepakwa mafuta. Nikamwuliza kama atachonga na lile bonde la kidole. Akasema hapana, hilo halichongwi, hilo laja baadaye.

Roli ya tatu imo ndani ya kamera, imebaki picha 14. Jumamosi navuka daraja.